Jicho Jekundu la Trekta

Trekta kuukuu la Magesa wa Songwa lilikuwa halichaji. Alibadilisha betri, akakaza mkanda, akailaani alternata, ile mashine ya kuzalisha umeme wa kuchaji betri, kwa Kisukuma, wapi! Fundi Nasibu alipochungulia dashibodi akaona tundu tupu, akamgeukia Magesa.

"Taa ya chaji iko wapi, Baba Rebeka?"

"Niliing'oa. Ilikuwa inanikodolea jicho jekundu kama baba mkwe anayesubiri ng'ombe wa mahari!"

"Basi hiyo ndiyo inayoiamsha alternata, mzee wangu. Umeme wa betri hupitia humo kwanza; taa ikizimika, ujue chaji imeanza."

Magesa akanuna, akaenda kuichomoa kwenye banda la vifaranga, alikoitundika iwamulikie usiku. Nasibu akairudisha mahali pake. Magesa akazungusha ufunguo, jicho likawaka, likamkodolea. Akapiga stata, injini ikanguruma, jicho likajifumba lenyewe, kama baba mkwe aliyeona ng'ombe wakiingia zizini.