Ghorofa Zisizo Kwenye Ramani

Saa moja kasoro asubuhi, Mama Maji aliburuta mpira wake wa maji hadi juu ya ghorofa ya nne, ya mwisho, ya bweni jipya, akaanza kumwagilia zege. Ndiyo kazi yake hapa chuoni: zege jipya lisiponyweshwa siku saba, hupasuka. Maabara, maktaba, ukumbi wa viti elfu moja, vyote vilikunywa maji ya mkono wake, na hakuna hata kimoja chenye ufa.

Bweni hili alilipenda kuliko yote. Bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa akilala sakafuni chumbani kwa rafiki, akisubiri kitanda. Kwa mapenzi hayo Mama Maji akapotewa na hesabu, akamwagilia siku ya nane.

Siku ya tisa bweni lilikuwa limechipua ghorofa ya tano: vyumba ishirini, vioo madirishani, taa zinawaka. Mhandisi alipitisha pimamaji, akakiri kwamba kona zilizonyooka namna ile hajapata kuziona.

"Mama Maji, utatulaza njaa wewe," mafundi wakamtania, wakashuka kunywa chai.

Mlezi wa mabweni alipanda na faili lake, akahesabu vyumba, akasifu hewa. Kisha akaeleza kwa upole kuwa ghorofa hiyo haimo kwenye ramani, na kitanda kisichomo kwenye ramani hakigawiwi mwanafunzi. Wiki hiyohiyo ikawa ofisi za kamati ya upanuzi.

Mama Maji akazidisha siku tena, safari hii kwa kusudi. Ghorofa ya sita wakapewa wakaguzi. Ya saba, waandishi wa ripoti kuhusu uhaba wa vitanda. Chuo kikawa kinaonekana kutoka barabara kuu, na wageni wakaja kukipiga picha. Kwa kweli kilipendeza.

Ya nane ilichipua chumba kimoja tu, chenye kitanda kimoja. Binti, mrefu kuliko vitanda vyote vya chuo, alijinyoosha juu yake, na nyayo zake zikaishia palepale godoro lilipoishia. Akapitiwa na usingizi.

"Amka, mwanangu," mlezi akasema, akivua viatu ili asichafue sakafu. "Chumba kizuri mno hiki. Humu tutahifadhi ramani."

Binti akakunja shuka, akashuka ngazi za ghorofa zote nane. Chini alimkuta mama yake, wakainua shingo pamoja kulitazama bweni.

"Limependeza, Mama," akasema, wala hakuwa akitania. Kisha akaenda kumwomba rafiki yake asogeze ndoo, apate pa kuweka kichwa.