Jiwe la Nane la Chuo cha Igoma

Chuo Kikuu cha Igoma kilikuwa na majengo matano na mawe ya msingi saba. Majengo kilirithi kwa chama cha ushirika, enzi zile pamba ikiwa pamba: ghala moja kubwa, ofisi mbili, kantini na banda la mizani. Humo walifundishwa kwanza makarani wa kupima pamba, kisha wakaguzi wa kuwachunga hao makarani, na mwaka tisini na mbili ikashuka barua kutoka Dar es Salaam ikisema kuanzia Julai mosi mahali hapo ni chuo kikuu. Basi kikawa. Kilichobadilika siku hiyo ni kibao cha getini na bei ya chai.

Mawe yaliletwa na wageni. Hakuna mgeni rasmi aliyekanyaga pale akaondoka bila kuweka jiwe la msingi. Ingekuwa sawa na kumrudisha mtu kwao na njaa. Kwa hiyo uwanja wa mbele ulikuwa na jiwe la zahanati, jiwe la bweni la wasichana, jiwe la maktaba mpya, jiwe la maktaba ya kisasa (mgeni huyu wa pili hakuambiwa habari za wa kwanza), na hata jiwe la bwawa la kuogelea, wakati bombani maji yalitoka Jumanne na Ijumaa tu. Wanafunzi, watu wasio na adabu, waliyageuza mawe kuwa mitaa. Mtu alimwambia mpenzi wake, "Nisubiri Zahanati," na nguo zilianikwa Bweni la Wasichana. Mwaka mmoja mwanafunzi mgeni aliyeshikwa na malaria aliambiwa na karani aende zahanati. Akauliza njia, akaonyeshwa, akakaa kando ya jiwe mpaka saa tisa akisubiri kuitwa jina.

Lakini ole wako uliguse. Mtunza bustani mmoja alilisogeza la bwawa hatua tatu apate kufyeka majani, akafukuzwa kazi kwa barua yenye mihuri miwili. Jiwe lina jina la mkubwa, na kulisogeza ni kumsogeza mwenyewe.

Sasa katika chuo hiki cha mawe kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, nacho ni lile ghala. Ndani yake mlikuwa na vitabu elfu sita, meza thelathini na Dorcas Akelo. Mama huyu, mwenyeji wa Shirati, alikuwa mkutubi pale kwa miaka kumi na minane. Vitabu alivipata kwa kuomba: kwa mapadri, kwa balozi, kwa wajane wa walimu. Vingine alivibeba kichwani toka stesheni. Hakuwa mpole hata kidogo. Waliozungumza kwa sauti aliwatoa nje wakiwa na viatu mkononi. Lakini watoto wa wavuvi na wafugaji, ambao kwao hapakuwa na kitabu isipokuwa Biblia, walishinda humo kutwa, na yeye aliwapenda kwa namna ambayo hakuwahi kuisema. Hakuwa na kingine cha kujivunia duniani, na alijua hivyo.

Mwezi wa tano mwaka tisini na nne mkuu wa chuo, Profesa Luhaga, akamwita ofisini.

"Mama Akelo, ruzuku imekauka. Siku hizi ni soko huria, kila jengo lijitafutie. Ghala tunampangisha Bwana Malimi."

"Malimi wa magodoro?"

"Ni mwekezaji."

"Na vitabu, Profesa?"

"Vitakaa banda la mizani."

"Banda lile linavuja. Hata mbuzi hawalali mle."

"Ni kwa muda, mpaka maktaba mpya ijengwe. Jiwe si lipo?"

"Yapo mawili."

Profesa hakucheka. Alisema Malimi ataleta mzigo wake Jumamosi ya wiki inayofuata, akafungua faili jingine. Mama Akelo alitoka, akavuka uwanja mzima bila kuitikia shikamoo ya mtu.

Jumatatu habari zikafika kwamba Ijumaa anakuja mgeni rasmi kutoka wizarani. Profesa akachanganyikiwa, kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeugeuza uwanja kuwa tope. Jiwe la bwawa peke yake ndilo lililokuwa limetimiza ahadi. Huwezi kumtumbukiza Mheshimiwa kwenye matope, na huwezi kumwacha aondoke bila jiwe. Hapo ndipo Mama Akelo alipobisha hodi mwenyewe.

"Liwekwe mbele ya mlango wa ghala," alisema. "Pale pana sakafu. Viatu vyake havitachafuka."

"Jiwe la nini?"

"Ukarabati wa Maktaba."

Kati ya Malimi na Mheshimiwa, Profesa hakuhitaji kupiga kura. Mama Akelo alirudi akiona barabara nzima ni yake. Penye jiwe la mkubwa, nani atapitisha godoro? Alhamisi akafunga milango, akaipamba kwa khanga na maua, akamsimamia fundi mwenyewe. Fundi alitaka kulijenga ubavuni. "Katikati," alisema Mama Akelo. "Na liwe refu, mpaka kiunoni. Lisogeze karibu na mlango, lori lisipate pa kupenya."

Ijumaa ngoma zikaja toka Bujora, Mheshimiwa akapaka saruji kwa mwiko mpya kabisa, akasema taifa lisilosoma ni taifa lililolala. Watu wakapiga makofi. Mama Akelo alipiga mengi kuliko wote.

Jumamosi Malimi akafika na lori la magodoro. Alilisoma jiwe, akavua kofia, akaenda kuzungumza na Profesa, na saa sita mchana akawa amepewa kantini. Kuanzia siku hiyo wanafunzi walikula ugali wamesimama chini ya mchongoma.

Jumatatu, wiki tatu kabla ya mitihani, Mama Akelo akaja na funguo zake, akazungusha, akavuta. Mlango ulisogea upana wa kiganja, ukagonga jiwe.

Ghala la pamba, milango yake hufunguka kwa nje. Ndani marobota yalikuwa yakijaa hadi mlangoni, ungewezaje kuisukuma? Miaka kumi na minane alikuwa ameivuta kila asubuhi, na Alhamisi ile, kwa furaha ya kumkomoa Malimi, hakukumbuka. Madirisha hayakuwepo, ila matundu ya hewa huko juu karibu na mabati. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu, mzee Shimba mlinzi akimwangalia. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hakuna adui aliyemfanyia hivi.

Profesa alimsikiliza kwa upole mwingi. "Kuvunja siwezi, Mama. Tumwandikie Mheshimiwa mwenyewe atupe kibali." Wakaandika. Baada ya siku kumi na sita likaja jibu kwamba suala linashughulikiwa.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Revocatus, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Usagara, amepitisha mkono kwenye ule upenyo, akipapasa rafu ya karibu. Aliuchomoa upesi.

"Shikamoo, Mama. Mtihani wa takwimu ni Jumatatu. Kitabu kiko kimoja tu, na kimo humu."

"Marahaba. Najua kilipo."

"Nilidhani nitakifikia," alisema Revocatus, na hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Nyuma yake wenzake walikuwa wanakuja mmoja mmoja, kama walivyokuja kila siku tangu ile Jumatatu, wanakaa kando ya mlango uliozibwa, wanasomeana madaftari.

Mama Akelo akamgeukia mlinzi.

"Mzee Shimba, nipatie mtaimbo."

"Mama, hili ni la Mheshimiwa. Utafukuzwa kazi."

"Mimi ndiye niliyelitafutia mahali. Nipatie."

Shimba akaenda kibandani kwake, akarudi na mtaimbo, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuona, akageuka akatazama barabara ya Musoma. Mama Akelo alipouinua mtaimbo, wanafunzi walitaka kumpokea. Akawakataza, yeye hakuwa na mtihani wala cheti cha kupoteza. Saruji ya serikali ilikuwa mchanga mtupu. Mapigo sita jiwe likalala ubavu, jina likaangalia chini, na milango ikafunguka mpaka mwisho.

Walipokwisha kukaa, thelathini mezani na waliobaki sakafuni, Mama Akelo alikwenda kwenye meza yake, akafuta vumbi, akachukua karatasi kabla hajaombwa barua ya kujieleza.

"Yah: Kubomoa jiwe la msingi," aliandika. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni kweli nimelibomoa, peke yangu, leo saa mbili na nusu asubuhi. Wakati naandika barua hii maktaba ina wasomaji arobaini na sita. Atakayekuja kuchukua funguo aje jioni, wakishamaliza."