Kilo Mia Sita na Arobaini

Katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege, mizani ilikuwa chini ya meza ya chai. Kuisogeza meza kulitaka watu wawili na chai imwagike, kwa hiyo mpimaji alipima kwa jicho. Kwa miaka kumi na tisa jicho lake halikuwahi kukosea, maana halikuwahi kukaguliwa. Mwenyewe alijiita Profesa.

Jumanne moja aliyatazama masanduku ya pampu za maji, akakuna kidevu, akaandika kilo elfu moja na mia moja. Rubani, mume wa mdogo wake, akaichukua karatasi akaondoka. Alipokaribia kutua huko aendako, alipunguza mwendo kwa kadiri ya uzito ulioandikwa. Ndege, iliyokuwa nzito kuliko karatasi ilivyosema, ikaishiwa nguvu hewani, ikaanguka shambani, mita mia nane kabla ya njia ya kurukia. Rubani alikuwa peke yake. Alizikwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi kiti cha mpimaji kilivunjika, kisha kitanda. Hakuwa amenenepa, mkanda ulifungwa kwenye tundu lilelile. Mkewe akashusha godoro sakafuni na kumwomba asipite karibu na kabati la vyombo.

"Mizigo wenzangu angalau hufungwa kamba," alisema mpimaji. "Mimi nazurura tu."

Jumapili akaja mdogo wake, mjane wa rubani.

"Kaka, wanasema mume wangu alizembea. Wanangu wanatupiwa maneno hayo shuleni. Kama unajua kitu, sema."

Jumatatu mpimaji alipanda teksi, ikalala upande mmoja, dereva akamwomba kistaarabu ateremke. Akaenda kwa miguu. Kamati ya uchunguzi ilikuwa imekaa palepale ghalani. Akaeleza yote: meza, chai, jicho, Profesa. Wajumbe walicheka penye kuchekesha. Mwenyekiti akataka ushahidi.

Meza ikasogezwa, chai ikamwagika, mpimaji akapanda mizani. Mshale ukasimama kwenye mia saba na kumi na mbili.

"Sabini na mbili ni zangu tangu zamani," alisema. "Hizo nyingine ndizo nilizomficha shemeji."

Mwenyekiti alisoma mara mbili, akamshukuru, akamwagiza karani aandike kwamba mizani ni mbovu, hivyo hakuna ushahidi kuwa mzigo ulizidi. Chanzo cha ajali ni uzembe wa rubani.

Nakala ya ripoti mpimaji aliipeleka mwenyewe kwa mdogo wake. Alipoketi chini, saruji ikapasuka kidogo, wakaiacha. Njiani alikuwa ameandaa mzaha, kuhusu mwongo wa miaka kumi na tisa ambaye siku aliyosema kweli hakuna aliyemwamini.

Mdogo wake alisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Niliwahi kumuuliza mume wangu mbona hahesabu mwenyewe. Akanicheka. 'Hii kaandika shemeji, niikague ya nini?'"

Mzaha haukutoka. Watoto waliporudi kutoka shule walimkuta mjomba wao palepale sakafuni, uso umelowa.

"Shikamoo, mjomba," wakasema, na ikambidi aitikie.