Kidevu cha Mzee Majira

Maiti haulizwi sanda, lakini Mzee Majira hakusubiri kuulizwa. Alikuwa fundi saa, mtu aliyechukia kuchelewa kuliko alivyochukia homa, ndipo watu wakambandika jina hilo. Alimwagiza mkewe mapema: nguo chagueni ninyi, maneno ya kuniaga semeni mtakayo, ila ndevu zangu asiziguse mtu isipokuwa kinyozi wangu.

Basi kinyozi akaitwa, akaachwa chumbani na marehemu na mjane. Uani waombolezaji walishajaa, wakingoja kuuona uso wa mzee kwa mara ya mwisho. Hapo kinyozi akaingiwa na hofu. Aliye hai ukimkata, kidonda hukauka na wiki ijayo mnacheka. Maiti ukimkata, anazikwa na alama yako. Na mikono ya kinyozi siku hizi ilikuwa inatetemeka, ndiyo maana wateja walihamia kwa vijana wenye mashine. Majira peke yake hakuhama.

Akapaka povu, akafungua wembe. "Vimbisha shavu, mzee," akasema kwa mazoea. Alipokumbuka anasema na nani, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mjane hakucheka wala hakulia. Alisogeza kigoda, akaweka vidole viwili shavuni mwa mumewe na kuivuta ngozi taratibu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakaenda hivyo, huyu anavuta, huyu ananyoa, shavu hili na lile, mpaka kidevuni. Hapo mkono wa kinyozi ukagoma.

Chini ya kidevu kulikuwa na kovu, na aliyelitia ni yeye. Ilikuwa siku yake ya kwanza kushika wembe, na Majira ndiye mteja wake wa kwanza. Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Kesho yake mzee akarudi na plasta kidevuni, ndevu hazijaota hata moja, akakaa kitini akataka anyolewe. Miaka yote kinyozi alidhani mzee ana vituko tu, na kisa hicho amekisimulia kijiweni mpaka watu wakavunjika mbavu.

Akamwambia mjane kwamba hawezi, atafutwe mwingine.

"Siku ile ulipomkata, nilimkataza asirudi kwako," mjane akasema, vidole vyake bado viko pale pale. "Akaniambia, nisiporudi kesho, yule kijana hatashika wembe tena maishani. Kidevu kitapona. Haya, malizia, mwanangu. Anakusubiri."

Kinyozi alilia bila kujificha. Kazi iliyomjengea nyumba na kumsomeshea watoto, kumbe mtu alimtolea kidevu chake ili aipate. Alijaa shukrani, akapangusa macho. Mkono haukuacha kutetemeka, lakini sasa alinyoa, polepole, akilizunguka kovu, na hakuacha mkwaruzo hata mmoja.

Alipokwisha kufuta povu, akainua kioo mbele ya uso wa mzee, kama alivyofanya kila mara. Safari hii hayakuwa mazoea.

"Ahsante, mzee," akasema. "Najua nimechelewa."

"Kwako alikuwa na subira," mjane akamwambia, akaenda kuwafungulia watu mlango.