Hewa Kwenye Mpira wa Dizeli

Lori lilikataa kuwaka asubuhi ya mazishi ya mama yao.

Lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya kaka mkubwa, ambaye ndiye dereva wake, na watu walishaanza kupanga mabenchi nyuma kwa safari ya kwenda kuzika. Dereva alipiga stata, ikazunguka vizuri, injini kimya. Akarudia mpaka betri ikaanza kulegea. Siku za karibuni lilikuwa linasumbua hivyo kila asubuhi, ila likishawaka halina neno kutwa nzima, naye akawa anasingizia baridi.

Mama mdogo, dada wa marehemu, alimfuata fundi magari aliyekuwa amekaa peke yake ukutani. Fundi huyo na dereva walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini walikuwa hawasemeshani tangu dereva alipokwenda kwa fundi, mdogo wake, wakati fundi yuko kazini, akamchukua mama mgonjwa na kumhamishia kwake bila kuaga. Fundi alikuja msibani akampa kila mtu mkono, isipokuwa mmoja.

"Sikuombi umsamehe," mama mdogo alimwambia. "Nakuomba umzike mama yako."

Fundi alivua koti, akatoa sanduku la spana kwenye gari lake. Alitaka stata ipigwe kidogo tu, akainama nyuma kutazama bomba la moshi. Halikutoa hata ukungu. Akamgeukia mama mdogo, akasema amwambie dereva kwamba injini haipati dizeli, maana ingekuwa inapata ikashindwa kuwaka, wangeona moshi mweupe. Dereva, aliyekuwa hapo hapo, akasema aambiwe fundi kwamba tangi limejaa. Mama mdogo akawajibu kwamba yeye si simu, akaenda zake.

Fundi alilegeza skrubu juu ya chujio la dizeli, akapiga pampu ndogo ya mkono. Likatoka povu. Dereva alichungulia chini, hakuona hata tone, akasema haiwezekani, hakuna panapovuja.

"Upande huu wa kutoka tangini pampu ya injini inavuta, haisukumi," fundi alisema, safari hii akimtazama. "Palipopasuka hapavuji, panaingiza hewa. Likilala, dizeli inarudi kwenye tangi, asubuhi pampu inavuta upepo."

Ili asibahatishe, alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaweka mpira wake mwenyewe na kuutumbukiza kwenye dumu la dizeli safi. Akapiga tena pampu ya mkono. Povu likakatika, dizeli ikaja nyororo. Kwa hiyo chujio lilikuwa zima, na ubovu ulikuwa kwenye ule mpira. Akaingia chini ya lori, akaupapasa mpaka karibu na tangi. Chini ya kibano ulikuwa umekauka na kupasuka.

Kufunga mpira wake mahali pa ule mbovu kulihitaji mikono ya watu wawili. Dereva akalala chini upande wa pili, na suruali yake ya msibani, akashika. Nyuso zao zilikaribiana.

"Mwishoni alikuwa anaongea?" fundi aliuliza.

Dereva aliusogeza mpira mahali pake. "Aliongea. Asubuhi alikunywa maji, akataka nimpake mafuta miguuni. Nikajua ameshapata nafuu. Ndiyo maana sikukuita."

 Fundi alikaza kibano taratibu, kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na dereva hakuachia mkono.

Walipotoka, fundi alipiga pampu mpaka ikawa ngumu na dizeli ikatoka bila povu, akafunga skrubu. Wakaongeza nguvu ya betri kwa nyaya kutoka kwenye gari lake. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikayumba, halafu ikatulia. Hakuna aliyeshangilia. Jeneza likapandishwa, na fundi akakaa nyuma kando yake, mkono wake wenye mafuta juu ya mbao. Penye mashimo dereva alipita kwa mwendo wa konokono.

Kaburini walishika kamba moja ya kuteremshia jeneza. Wakati wa kurudi, fundi alipanda mbele. Kwanza walizungumzia mipira mingine iliyochakaa. Walipoingia barabara kuu, dereva akaanza kumsimulia siku za mwisho za mama, tangu ile aliyomchukua, na fundi akamwacha aseme yote.