Mtumiaji Mmoja, Batsinda

Msiniambie kwamba Régis ni mtu mwema. Najua ni mtu mwema. Hanywi, haibi, na programu aliyoitolea jasho anaigawa bure kwa kila mwanamke mwenye simu. Lakini leo niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Programu yenyewe inaitwa Ukwezi, yaani mwezi kwa Kinyarwanda. Ni kalenda ya mwanamke: siku zake, siku za kushika mimba, kikumbusho cha kidonge kwa anayemeza. Ni programu huria, yeyote anaweza kuifungua ndani akaona inavyofanya kazi, na sisi tunaoitengeneza kwa kujitolea hatufichi kitu. Hata takwimu zetu ziko kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima. Jina la mtumiaji hatuchukui, namba ya simu hatuchukui. Tunachukua lugha, mtaa, na mipangilio anayoipenda, tena mpaka abonyeze "Nakubali". Na tulikuwa na kanuni moja niliyoipigania mimi, Kabagwira, mpaka sauti ikanikauka: kundi lenye watu chini ya kumi halionyeshwi. Ukurasa unaandika "chini ya kumi", basi, hakuna zaidi.

Tafsiri ya Kiswahili aliifanya Mwita, Mtanzania wa Tarime, mhasibu, anayekaa Batsinda na mkewe Leah. Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Mwanza, na Leah tuliimba kwaya moja hapa Kigali mpaka akawa kama mdogo wangu. Kwa hiyo Mwita namwita shemeji, ingawa kwa shingo upande.

Leah amezika watoto wawili waliofia tumboni. Wa pili nusura aondoke naye, na daktari alisema mbele ya Mwita kwamba mimba nyingine itamuua. Mwita akajibu kuwa daktari si Mungu. Akaweka toleo la majaribio la Ukwezi kwenye simu ya mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Akachagua Kiswahili, akachagua Batsinda, akabonyeza "Nakubali", na kwenye lengo akaweka: kupata mtoto.

Alipotoka kwenda kazini, Leah akageuza kila kitu. Lengo: kuzuia mimba. Kikumbusho cha kidonge: washa. Ficha: washa. Huo mpangilio wa Ficha ni kazi yetu tunayojivunia: asiye na namba ya siri akiifungua programu, anaona kalenda nyingine kabisa, ya uongo. Kila jioni Mwita aliichungulia simu ya mkewe, akahesabu siku zisizokuwepo, akaridhika.

"Dada Kaba, wenzako huko wanaona?" Leah aliniuliza siku moja tukianua nguo kwake.

"Hawaoni. Huko kwenu hamfiki kumi. Wewe meza vidonge vyako, uishi."

Nilimwambia kweli. Ilikuwa kweli mpaka ile Jumamosi.

Sisi tuna kadesturi ketu. Lugha mpya ikiingia tunakusanyika sebuleni kwa Régis, Kagarama, takwimu zinamulikwa ukutani, zinasomwa kwa sauti, na kila mtaa unapigiwa makofi. Mwita alivaa suti. Suti, jamani, kwa ajili ya grafu! Leah alikuja na chupa mbili za chai na kapu la chapati, kwa sababu mumewe alimwamuru awahudumie wenzake.

Régis akafungua ukurasa. Kiswahili: Gitega, chini ya kumi. Kagarama, chini ya kumi. Batsinda, chini ya kumi. Ukuta mtupu.

"Sasa hii ndiyo sherehe?" Mwita akasema. "Nimetafsiri mpaka macho yameniuma, halafu lugha yangu haina hata mstari mmoja? Ondoa hiyo kumi, Régis. Leo tu."

"Kanuni ni kanuni," nikasema.

"Shemeji naye! Unaionea wivu lugha iliyokulea?"

Watu wakacheka. Nikasema tena kwamba tuliwaahidi watumiaji, kwamba mtu mmoja peke yake kwenye kundi anajulikana hata bila jina. Régis akanitazama kwa huruma, kama mama anavyomtazama mtoto anayeogopa giza. "Kaba, sha, majina haiko. Simu haiko. Nani atajua? Faragha iko salama kabisa." Akaitisha kura, maana sisi ni watu wa kura. Mikono yote ikapanda isipokuwa wangu. Ningesema nini zaidi? Sababu yangu ilikuwa imesimama mlangoni inamimina chai, na ningeitaja ningemmaliza mwenyewe.

Nikamkonyeza Leah atoe simu abadilishe mipangilio haraka. Hakunielewa. Akaniletea kikombe.

Régis akaandika moja mahali pa kumi. Mistari ikachomoza ukutani. Gitega wanne, makofi. Kagarama wawili, makofi. Batsinda mmoja.

"Huyo ni mke wangu!" Mwita akaruka. "Batsinda ni Leah! Hilo toleo nilimwekea mimi, huko kwetu hakuna mwingine. Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Leah akatabasamu kwa aibu, bakuli la sukari mkononi. Na Régis, kwa wema wake, kwa ule wema wake wa kijinga, akaubonyeza mstari wa Batsinda ufunguke, ili mgeni wetu aone jinsi mapendeleo yake yanavyotusaidia. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akifuata neno kwa neno tafsiri ya Mwita.

"Lengo: kuzuia mimba. Kikumbusho cha kidonge: ndiyo, kila siku. Ficha: ndiyo."

Pretty, anayetuchorea picha, alikuwa bado anapiga makofi. Aliacha polepole.

Mwita hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele. Alifunga kifungo cha koti, akachukua kapu la chapati mezani, zote, hata zilizokuwa kwenye sahani za watu, akamwambia mkewe, "Twende nyumbani, mama." Leah alinitazama. Sitaeleza alivyonitazama. Bakuli aliliweka chini taratibu, lisimwagike.

Tangu hapo nikipiga simu ya Leah anapokea Mwita. "Shemeji, Leah amepumzika." Nilikwenda Batsinda nikagonga, aliyefungua ni mama yake Mwita, amekuja kutoka Tarime, akaniambia nyumba hii haipokei wafundishaji wa dawa. Nyuma yake pazia lilitikisika. Niliita jina la Leah mpaka majirani wakatoka, na mama mkwe akafunga mlango.

Nikabaki na ukurasa. Ile "leo tu" hakuna aliyeirudisha, kwa hiyo kila asubuhi niliufungua mstari wa Batsinda kumwangalia ndugu yangu. Kuzuia mimba, ndiyo, ndiyo. Nikajipa moyo kwamba labda ameficha vidonge mahali. Jana nikafungua nikakuta umebadilika. Lengo: kupata mtoto. Kikumbusho cha kidonge: hapana. Ficha: hapana.

Nilikimbia mpaka kwa Régis sijafunga hata kitambaa kichwani. Nikamwekea simu mbele ya macho. "Ona! Wamemnyang'anya namba ya siri. Wanamuua, Régis. Twende wote, uliyesoma ni wewe, ukaseme nao."

Aliutazama ule mstari. Machozi yalimlengalenga, namsema kwa haki.

"Kaba, mimi siwezi kwenda kwa mlango ya mtu kwa sababu ya data," akasema. "Tuliahidi hatutafuata mtumiaji. Na huyu, kwa kweli, hatujui ni nani." Akavuta kompyuta. "Ulikuwa na haki siku ile. Naomba msamaha. Ngoja nirudishe kanuni yako."

Akaandika kumi. Mstari wa Batsinda ukafutika mbele yangu, na pale ulipokuwa pakaandikwa: chini ya kumi.