Fomu Ndani ya Kitabu cha Nyuki

Ukitaka kupoteza kitu ndani ya maktaba, usikichane wala usikitupe. Kitie ndani ya kitabu kisichoazimwa na mtu, rudisha kitabu mahali pake, pangusa vumbi mikononi, uendelee na kazi. Sabaha alilijua hilo tangu chuoni. Na miaka tisa aliyokaa katika maktaba ya jamii ya mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabegi, ilimfundisha vitabu gani vinalala usingizi wa pono.

Jumatano alasiri alichagua cha ufugaji wa nyuki. Kariakoo nzima, nani anafuga nyuki? Karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ilionyesha kwamba kiliazimwa mara ya mwisho mwaka 2013. Aliikunja fomu ya Caroline mara mbili, akaichomeka katikati ya kurasa za mizinga na masega, akakirudisha kitabu rafu ya chini kabisa.

Moyo ukapoa kidogo. Tangu Jumatatu ulikuwa ukitokota.

Jumatatu ndipo barua ilipofika. Caroline, binti wa Machame mwenye miaka ishirini na minne, mwaka mmoja na nusu kazini, alikuwa amekubaliwa kuwasilisha mada kwenye mkutano wa mwaka wa wakutubi, Tanga, kikao cha vijana. Mama Agnesi, mkuu wa maktaba, aliisoma barua kwa sauti hadi wasomaji wakainua vichwa kutoka kwenye magazeti.

"Haya ndiyo ninayoyasema kila siku!" alisema. "Mkutubi anayejifungia na rafu zake, mwisho naye anaota vumbi. Nenda mwanangu. Kasimame mbele za watu, ukosee, uulizwe, utoke jasho. Kazi hii hukomaa hivyo."

Sabaha alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Mwenye kijicho hupiga makofi kumshinda mwenye furaha.

Ingekuwa mada nyingine, labda angevumilia. Lakini Caroline aliandika juu ya daftari la maswali, na daftari lile alilianzisha Sabaha! Kila mfanyabiashara aliyepanda ngazi kuuliza jambo likakosa jibu, Sabaha aliliandika pale kwa mwandiko wake wa kulala, pamoja na jina na namba ya simu. Rangi ya kitenge isichuje inafanywaje? Mzigo ukizuiwa bandarini, sheria inasemaje? Maswali mia tatu na kitu. Leo anatokea mtoto wa juzi, anayabeba kwenda nayo Tanga, apigwe picha na kitambulisho shingoni.

Tena kikao chenyewe kilikuwa cha walio chini ya miaka thelathini na mitano. Sabaha alitimiza thelathini na mitano mwezi wa tatu.

"Na wewe andika, dada," Caroline alimwambia siku ile wakipanga vitabu. "Vikao vingine havina umri."

"Niandike nini, mdogo wangu? Si umeshabeba vyote?"

Caroline alicheka, akidhani ni utani.

Waandaaji walitaka fomu yenyewe, yenye saini ya mkuu na muhuri wa maktaba, si picha ya simu. Ifike ofisini kwao, karibu na Mnazi Mmoja, kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Jumatano Mama Agnesi alitia saini, akamwachia Sabaha fomu na muhuri, akaondoka kwenda kuzika Rombo. "Gonga muhuri, mpe mwenzio aipeleke," alisema. "Nakuamini."

Muhuri Sabaha aliufunga kwenye kitambaa, akautia mkobani. Fomu tunajua ilikokwenda.

Alhamisi asubuhi Caroline alisimama mbele ya meza yake. "Dada Sabaha, mambo? Ile fomu yangu tayari?"

"Ilikuwa hapahapa juu ya meza. Labda feni imeipeperusha."

Wakaitafuta. Wakahamisha meza, wakavuta makabati, wakapekua pipa la takataka. Caroline alilala kifudifudi kwenye saruji kuchungulia chini ya tangi la maji la chooni, na Sabaha akamshikia tochi ya simu. Alimtazama msichana akitoka na utando wa buibui kwenye misuko na macho mekundu, akasema kimoyomoyo: onja na wewe. Papo hapo akajichukia. Lakini kujichukia hakukumfanya aende rafu ya chini.

Caroline alimpigia Mama Agnesi. Mama alikuwa makaburini, simu ikakatikakatika. Alichosikika akisema ni kwamba atarudi Jumanne.

Adhuhuri Sabaha akatoka kwenda kuswali, akapitia mama ntilie kula. Aliporudi alimkuta Caroline anafanya kazi. Alikuwa na tabia hiyo: akiwa na huzuni, anafanya kazi. Sabaha hakumuuliza anafanya nini, naye hakusema.

Ijumaa Caroline hakuonekana. Saa tatu ikapita. Sabaha akaingiwa na wasiwasi, akaenda kuangalia tu kama mambo yako kama alivyoyaacha. Akainama rafu ya chini.

Palikuwa na pengo.

Alilikodolea macho pengo lile kama mtu aliyeng'olewa jino usingizini. Kisha akakimbilia sanduku la kadi za kuazima. Kadi ilikuwa ya kwanza, mwandiko wa Caroline, tarehe ya jana: Nurdin, mabeseni na ndoo, mtaa wa Nyamwezi.

Jina hilo alilijua. Akafungua daftari la maswali, akarudi nyuma mpaka mwaka 2021, akalikuta, mwandiko wa kulala: *Nyuki wamehamia kwenye dari la stoo, kila mwaka wanarudi. Waondolewe vipi bila kuchomwa moto?* Mbele yake aliandika neno lile aliloliandika mbele ya maswali yote: *Samahani, hatuna.*

Kumbe kilikuwepo. Kutoka mezani pake hadi rafu ile hazifiki hatua kumi.

Alimwachia mlinzi ufunguo akashuka ngazi mbilimbili. Hakwenda kwa toba, tusimpake mafuta. Alikwenda kwa hofu, aiwahi ile karatasi kabla hajaiona mtu. Akapenya katikati ya mikokoteni na wanawake wa mitandio, wauza chaja wakimwita "Sista, karibu!", mpaka akafika duka la Nurdin, ndoo zimepangwa mlangoni hadi juu ya vichwa vya watu.

Alikuwa amechelewa. Caroline alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, fomu mapajani, anainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Shikamoo, Mzee Nurdin," Sabaha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na wewe! Mimi leo asubuhi nafungua kitabu, nakuta karatasi, ina jina la binti huyu na namba. Nikasema, si ndiye aliyenipigia jana? Miaka minne nimeuliza, sijapigiwa na mtu, jana napigiwa, naambiwa njoo uchukue kitabu. Nikamwambia, njoo upesi."

Caroline hakuinuka. "Nimetafuta mpaka chini ya tangi la choo, dada. Ukanishikia tochi."

Sabaha alifungua mdomo. Feni. Labda mtu mwingine. Uongo ulikuja mpaka kwenye meno, ukakwama hapo.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Daftari lile ni langu, Caroline. Miaka tisa! Wewe umelikuta."

"Nimelikuta, ndiyo. Maswali umeyaandika wewe. Watu nimewapigia mimi." Akainua uso kutoka kwenye fomu. "Na fomu za mkutano, kila mwaka nani anazibandika ubaoni? Si wewe? Nani alikuzuia kujaza?"

Nurdin akajifanya anahesabu mifuniko.

Hakuna aliyemzuia, na hapo ndipo palipouma. Kila mwaka Sabaha aliibandika fomu ubaoni kwa pini nne, akaisoma akiwa peke yake, akajiwazia mbele ya ukumbi mtu akinyoosha mkono kumuuliza swali asilolijua. Mwisho wa mwezi akaibandua. Asingeweza kusema kuna mtu aliyemnyima.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tano na dakika ishirini. Ina faida gani? Haina muhuri."

Sabaha akafungua mkoba, akafungua kitambaa. Akavuta ndoo ya bluu, akaipindua, akaweka fomu juu ya kitako chake. Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia muhuri pumzi ya moto mara mbili, tatu. Hata pale, mbele ya ndoo, kitu ndani yake kilisema: ugonge vibaya, usisomeke. Akaugandamiza kwa mikono miwili mpaka ndoo ikalia.

Ukatoka safi, kila herufi.

Caroline aliichukua, akaipepea ikauke. Hakusema asante. "Nani atamwambia Mama Agnesi?"

"Mimi. Jumanne, kabla hajakaa kitini."

"Sawa." Akaitia fomu kwenye bahasha, akatoka. Sabaha alimtazama akikatiza kuelekea Mnazi Mmoja, nusu anatembea, nusu anakimbia, bahasha kifuani. Wivu ulikuwa bado uleule, haukupungua hata chembe. Caroline atakwenda Tanga. Atasimama, ataulizwa, atatoka jasho.

"Mwanangu," Nurdin alisema nyuma yake, "na nyuki wangu je? Maandishi haya ni madogo, miwani nimeisahau Buguruni."

Kutoka darini ulisikika mvumo wa nyuki, mzito, kama wa watu wasio na haraka. Sabaha akakaa kwenye ndoo aliyokalia Caroline, ilikuwa bado na joto. Akafungua kitabu ukurasa wenye mkunjo wa fomu.

"Kwanza niambie, Mzee," alisema, akitafuta kalamu mkobani. "Wanaingilia wapi?"